"Gue" au "saya"? Neno moja linavyomuumbua Mwindonesia

Mjini Jakarta, neno "mimi" peke yake linaweza kukuumbua. "Saya" lina heshima, "aku" ni la watu wa karibu. "Gue", lililotoka kwa Wachina wa Hokkien, ndiyo ujana wa jiji wenyewe.

Sasa mchukue kijana wa Kijava aliyehamia Jakarta kutoka Yogyakarta. Akirudi likizo na "gue" mdomoni, nyumbani wanaona anajishaua, eti keshakuwa wa mjini. Asipolitumia Jakarta, anaonekana kaja jana.

Wanaochekwa zaidi mtandaoni ni vijana wa Jakarta Kusini, "anak Jaksel", wanaochomeka "literally" na "which is" kila mahali. Kicheko hicho kina wivu pia: Kiingereza cha namna hiyo mara nyingi kinanukia shule ya ada kubwa.

Lakini Jaksel si tatizo. Oktoba 28, 1928, vijana waliapa kuwa na lugha moja ya umoja, Kiindonesia, kwenye visiwa vyenye lugha zaidi ya 700. Kiapo kilishika kweli. Aliyeumia ni krama, Kijava cha heshima wanachoongeleshwa wazee. Ukimwambia mkwe neno la ngoko, kile cha marafiki, umemkosea adabu. Kwa hiyo vijana wengi wakiwa na wazee wanakimbilia Kiindonesia, ambacho hakimuudhi mtu.

Kijava chenyewe hakifi kesho, kina makumi ya mamilioni ya wasemaji. Krama ndiyo inayokwepwa, na wanaoikwepa wanaogopa kuwavunjia wazee heshima.