Akili ya Poka Haiondoi Kamari

Juma lililopita, baada ya swala ya isha, mpwa wangu alinikuta barazani nikinywa kahawa na wenzangu. Aliamkia, akaketi kando, akanyamaza mpaka wenzangu wakaenda zao. Ndipo aliponieleza kwamba ameuza mashine ya mashua aliyoachiwa na marehemu babake, na kwamba pesa zote zimekwisha katika mchezo wa karata uitwao poka, ambao huucheza usiku kwa simu. Nilipomwambia kuwa hiyo ni kamari, alinijibu kwa adabu lakini bila kusita: "La, mjomba. Kamari ni bahati nasibu. Poka ni akili. Mimi nimeliwa kwa kuwa sijaijua vyema."

Jawabu hilo limenikaa moyoni, kwani si lake peke yake. Vijana wengi wa pwani hii wanalo, na sisi wazee twawajibu kwa kukemea tu. Twasema, "Poka ni bahati tupu," kisha twafunga mlango wa maneno. Hilo si kweli, na kijana akishajua kwamba mzee amekosea katika jambo moja, hamsikilizi tena katika la pili. Basi leo, ndugu wasomaji, naomba tuipime hoja ya kijana huyu kwa mizani ya haki, tumpe palipo pake, kisha tutazame inampeleka wapi.

Kwanza tuujue mchezo wenyewe. Katika poka inayochezwa sana siku hizi, kila mchezaji hupewa karata mbili za siri. Kisha karata tano hufunuliwa katikati ya meza, tatu kwa pamoja, halafu moja, halafu moja. Kila mtu hujaribu kupanga karata tano bora kutokana na hizo saba. Kabla ya kufunuliwa na baada ya kila kufunuliwa, wachezaji hutia dau, huliongeza, au hutupa karata zao wakajitoa. Hapo ndipo penye akili. Mtu asiye na kitu mkononi aweza kutia dau kubwa kwa uso mkavu hata mwenye karata nzuri akaingiwa na hofu, akazitupa.

Kwamba ustadi upo, ushahidi ni mwingi. Mashindano makuu ya dunia yalianzishwa mwaka 1970 huko Las Vegas, Marekani, katika nyumba ya kamari ya Binion's Horseshoe. Mtu mmoja, Stu Ungar, alilitwaa taji mwaka 1980, akalitwaa tena 1981, na kwa mara ya tatu 1997. Johnny Chan alishinda mwaka 1987 na 1988, na mwaka 1989 akawa wa pili. Bahati tupu haiwarudii watu wale wale namna hiyo. Tena mwaka 2017 mjini Pittsburgh, kompyuta iliyopewa jina la Libratus ilicheza na mabingwa wanne kwa siku 20 ikawashinda wote. Kompyuta haina nyota wala kismati. Ina hesabu tu.

Lakini hapo hapo pana fundisho jingine. Ili watu waridhike kwamba kompyuta ile imeshinda kwa akili, ilibidi karata zigawiwe mara 120,000. Kwa nini mara nyingi hivyo? Kwa sababu katika mara kumi, au mia, au hata elfu chache, bahati yaweza kumbeba mjinga na kumwangusha mjuzi. Akili katika poka ni kama maji yanayotoboa jiwe: kazi yake yaonekana baada ya muda mrefu mno.

Sasa tuyatazame mashindano. Chukua mtu aliyeshika ree mbili, na mwenziwe ameshika wafalme wawili, nao wametia pesa zao zote kabla karata za katikati hazijafunuliwa. Hakuna hali nzuri kuliko hiyo kwa mwenye ree. Hata hivyo, yeye hushinda yapata mara 8 katika kila 10. Zile mara mbili hutolewa mashindanoni, na hana kosa lolote. Anayetaka taji hana budi kuvuka mitihani ya namna hiyo tena na tena. Akiwa na mitihani mitano, nafasi ya kuivuka yote ni kama moja katika tatu. Akiwa na mitihani kumi, ni kama moja katika tisa. Na huyo ndiye mwenye karata bora kila mara! Kwa hiyo mjuzi huweza kupata faida akihesabu miaka yake yote, lakini mshindi wa siku moja, katika maelfu ya watu, ni mtu ambaye bahati pia ilikubali kumpisha.

Mwaka 2003 jambo hili lilionekana wazi. Chris Moneymaker, mhasibu wa jimbo la Tennessee ambaye jina lake la ukoo, kwa sadfa, lina maana ya mchuma pesa, aliingia katika mashindano ya Las Vegas kwa njia ya shindano dogo la intaneti ambalo kiingilio chake hakikufika dola 100. Kiingilio cha kawaida kilikuwa dola 10,000. Kulikuwa na watu 839, naye akawashinda wote akaondoka na dola milioni mbili na nusu. Hakushinda kwa bahati tupu; mwishoni alimtisha mzoefu Sammy Farha, hali mkononi hana kitu, na Farha akatupa karata zilizokuwa bora kuliko zake. Lakini taji lile hajalitwaa tena.

Habari ile ilipoenea, kila mwenye kompyuta nyumbani alijiuliza: akiweza yule, mimi je? Mwaka 2004 walikuja watu 2,576. Mwaka 2005 wakawa 5,619. Mwaka 2006 wakafika 8,773, na mshindi, Jamie Gold, akapewa dola milioni 12. Waswahili husema, bahati ya mwenzio usiilalie mlango wazi. Maelfu walilala milango wazi, na walio wengi walirudi makwao mikono mitupu.

Hapa ndipo ninapotaka mpwa wangu atulie anisikilize. Mtaalamu wa uchumi Steven Levitt wa Chicago na mwenziwe Thomas Miles waliyachunguza mashindano hayo ya mwaka 2010. Waliwatenga wachezaji 720 waliokuwa wakijulikana mapema kuwa hodari, wakawalinganisha na wengine wote. Hodari walipata faida ya zaidi ya asilimia 30 ya walichotia. Wengine wote walipata hasara ya kama asilimia 15. Kijana atasema, "Umeona, mjomba? Ni akili!" Nami namjibu: naam, nimeona. Lakini ile asilimia 30 imetoka wapi? Mezani pale hapakulimwa shamba wala hapakuvuliwa samaki. Hapakushonwa nguo wala hapakuchukuliwa abiria. Kila shilingi aliyoipata hodari imetoka mfukoni mwa asiye hodari, na mwenye nyumba ya mchezo amekata fungu lake kwanza. Basi kadiri unavyothibitisha kwamba poka ni akili, ndivyo unavyothibitisha kwamba wachache wenye akili wanawala wengi waliodanganywa kwamba nao wanayo. Katika mchezo wa bahati tupu, maskini angalau yu sawa na tajiri mbele ya karata. Katika poka, mashine ya mashua iliuzwa ili kumlisha mtu aliyekwisha kujua kwamba ataila.

Je, sheria ya dini yetu haikujua tofauti ya akili na bahati? Iliijua zamani sana. Wanazuoni wa madhehebu ya Imamu Shafii, ambayo ndiyo tunayoifuata wengi wa pwani, walitofautisha nardi, mchezo unaoendeshwa na dado, na shatranji, mchezo unaoendeshwa na fikra. Nardi waliiharamisha. Shatranji waliihesabu kuwa ni makuruhu, madhali haimpotezei mtu swala wala haina dau. Lakini wachezaji wakitiliana pesa, mmoja ale na mwingine aliwe, basi hata shatranji, ambayo haina chembe ya bahati, inakuwa haramu. Akili iliusaidia mchezo, dau haikulisaidia.

Hata pale dau liliporuhusiwa, yaani katika mbio za farasi na ngamia na kulenga mishale, liliwekewa mipaka. Zawadi yaweza kutolewa na mtawala au mtu wa nje, au na upande mmoja tu. Wakitoa pande zote mbili, hapana budi aingie wa tatu asiyetoa kitu, ili shindano lisiwe la kulana. Kwa hivyo swali la dini si "Je, mna akili ndani yake?" Swali ni "Zawadi hii imetoka kwa nani, na nani ameumia?" Na Qurani Tukufu, katika Sura ya al-Baqara aya ya 219, haikukana kwamba kamari ina manufaa kwa watu, ilibainisha kwamba dhambi yake ni kubwa kuliko manufaa hayo.

Wala si Waislamu peke yao waliolipambanua hili. Mwaka 2012, mjini New York, Jaji Jack Weinstein aliamua katika kesi ya mtu aliyekuwa akiendesha meza za poka kwamba mchezo huo hutawaliwa zaidi na ustadi, na kwa hiyo hauingii katika sheria ya kamari ya serikali kuu. Mwaka 2013 mahakama ya rufani iliutengua uamuzi huo. Haikusema kwamba ustadi haupo. Ilisema kwamba sheria ile haikuuliza ni kipi kilicho kingi zaidi, bahati au ustadi.

Na huo ustadi wenyewe humfikisha mtu wapi? Stu Ungar, bingwa wa mara tatu, aliyepata dola milioni moja kwa ushindi wake wa 1997, alikutwa amekufa mwaka uliofuata katika chumba cha hoteli ya hali ya chini mjini Las Vegas, akiwa na umri wa miaka 45. Alichokipata kwa akili ya karata alikipoteza katika dau za farasi na michezo mingine, na katika dawa za kulevya. Akili ya kushinda meza hakuipata ya kuondoka mezani.

Siwaambii vijana waache kupenda mashindano. Mwenye akili hupenda kuipima akili yake. Lakini bao letu liko pale pale barazani, mashimo 32 na kete 64, zote wazi mbele ya macho. Hakuna karata ya siri wala wa kusingizia. Ukishindwa, umeshindwa na mtu. Katika sherehe za Lamu kuna mashindano ya bao, ya mashua na ya punda, na mshindi hushangiliwa na mji mzima. Wenye uwezo miongoni mwetu, watoe zawadi kutoka mifukoni mwao, mashindano ya bao yafanywe Mombasa, Malindi na Kwale, bila mchezaji kutozwa kitu. Tukiwaondolea vijana kamari na tusiwape uwanja mwingine, tutakuwa tumefanya nusu ya kazi.

Mpwa wangu nilimweleza haya yote. Hakunijibu, ila aliniuliza mashine ya mashua iliyotumika sasa yauzwa bei gani. Nilimtajia. Akainamisha kichwa, kwa maana anajua ni miezi mingapi ya kuvua kwa mashua ya mtu. Nimemwambia kwamba nitamsaidia kwa nilicho nacho, kwa sharti kwamba ile hesabu aliyokuwa akiifanya usiku juu ya karata, sasa aifanye mchana juu ya samaki.