Faili la Siri na Hifadhi ya Mtandaoni: Jibu

Muungwana aliyeandika kwamba kuliweka faili la maneno ya siri katika hifadhi ya mtandaoni ni sawa na kumkabidhi mwizi ufunguo wa nyumba, amesema kwa ufasaha jambo ambalo, kwa insafu, si sahihi. Maana kinachopandishwa huko na mtumiaji wa programu ya kutunzia maneno ya siri kama KeePass si maneno yenyewe, bali ni faili lililokwisha kufumbwa kwa usimbaji wa AES-256 ndani ya kompyuta yake kabla halijasafiri, na mwenye hifadhi hana ufunguo wake.

Atanihoji juu ya LastPass, huduma ya kutunza maneno ya siri, ambayo mwaka 2022 nakala za hazina za wateja wake ziliibwa kutoka hifadhi ya namna hiyohiyo. Naam, ziliibwa, lakini maneno ya siri yalikuwa yamefumbwa, ila baadhi ya data, kama anwani za tovuti, ilikuwa wazi, na aliyebaki hatarini hasa ni yule aliyechagua neno kuu dhaifu, yaani lile linalofungua hazina nzima, ambalo mwizi aweza kulibahatisha usiku na mchana pasipo wa kumzuia. Basi hapo ndipo pa kuelekeza nasaha: neno kuu liwe refu, Argon2, njia ya kugeuza neno kuu kuwa ufunguo kwa hesabu nzito, itumiwe ili kila jaribio limgharimu mwizi, na faili la ufunguo, ambalo huhitajika pamoja na neno kuu, kwa atakaye hadhari zaidi, lisipandishwe kamwe, bali lipelekwe kwa mkono katika kila chombo.

Hatari ambayo bwana huyu hakuitaja, nami naiona kubwa kuliko zote kwa mtu wa kawaida, ni kuliweka faili katika simu moja tu, kisha simu ikaibwa, na akaunti zote zikapotea nayo.