Ukinyimwa kibali cha zahanati, Mahakama Kuu inaangalia nini?

Tuchukulie mfanyabiashara wa mpunga wa Nyahanga, Kahama, aliyeuza magunia ya misimu miwili na kukopa benki ili ajenge zahanati. Jengo limekamilika, mganga amepatikana, kisha inakuja barua ya mstari mmoja kwamba maombi yamekataliwa. Riba ya benki haisubiri.

Serikali imeishika biashara hii kwa muda mrefu. Sheria ya mwaka 1977 ilipiga marufuku tiba binafsi ya kutafuta faida na kubakiza taasisi zilizoidhinishwa, zikiwemo za dini, hadi marekebisho ya mwaka 1991 yaliporuhusu watu binafsi wenye sifa.

Wapo wanaodhani kwenda mahakamani ni kumwomba jaji awape leseni. Sivyo. Kinachofunguliwa Mahakama Kuu, ambayo kwa watu wa Kahama ipo Shinyanga mjini, ni maombi ya mapitio. Jaji hapimi vyumba wala hahesabu vitanda, hiyo ni kazi ya wataalamu wa afya. Anauliza kama aliyekataa alikuwa na mamlaka, kama mwombaji alisikilizwa, kama yaliyozingatiwa ndiyo yaliyopaswa kuzingatiwa. Ibara ya 13(6)(a) ya Katiba inatoa haki ya kusikilizwa kwa ukamilifu. Kasoro ikionekana, uamuzi unafutwa na maombi yanaweza kurudishwa yakaangaliwe upya. Huko yanaweza kukataliwa tena, safari hii kwa kufuata utaratibu, jambo ambalo mawakili wengine hawalisemi mapema.

Wengi huangushwa na muda. Kwa mujibu wa kanuni za mwaka 2014, kwanza unaomba ruhusa ya mahakama ndani ya miezi sita tangu uamuzi ulipotolewa, si tangu ulipopata fedha za wakili. Ukipewa ruhusa, una siku 14 za kufungua maombi yenyewe. Hata hivyo, kama sheria husika imeweka rufaa kwa waziri, usiiruke, kwani mahakama inaweza kukurudisha huko. Iandike haraka na ubaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa.

Fidia ya hasara ni shauri jingine. Hapo inahitajika notisi ya siku 90, na tangu marekebisho ya mwaka 2020, hata anayeishitaki halmashauri lazima amuunganishe Mwanasheria Mkuu wa Serikali.