Chanda Chema Huvikwa Pete: Je, Olunga Alistahili?

Wahenga walinena kuwa chanda chema huvikwa pete. Hawakusema, hata hivyo, iwapo chanda hicho sharti kiwe cha mkono wa mshindi. Swali hilo lilizuka mwezi Desemba 2020, pale Michael Olunga, Mkenya aliyekuwa akiichezea Kashiwa Reysol ya Japani, alipotawazwa mchezaji mwenye thamani kubwa zaidi katika ligi kuu ya nchi hiyo. Hakuna Mwafrika aliyewahi kuipata tuzo hiyo kabla yake. Lakini Kashiwa ilimaliza ligi katika nafasi ya 7. Je, timu ya 7 yawezaje kumtoa mchezaji mwenye thamani kuliko wote?

Hoja ya wanaopinga si ya kupuuzwa. Kawasaki Frontale ilitwaa ubingwa mwaka huo kwa kuiacha Gamba Osaka, iliyokuwa ya pili, kwa pointi 18. Wachezaji 9 kati ya 11 wa kikosi bora cha msimu walikuwa wake. Kaoru Mitoma, aliyekuwa chipukizi, alifunga mabao 13 na kutoa pasi 12 zilizozaa mabao. Kandanda ni mchezo wa ushirikiano, wanasema. Basi tuzo na iende kwa waliovuna.

Hoja hiyo inachanganya maneno mawili ambayo mwanafunzi wa Kiswahili hana budi kuyatenganisha: ubora na thamani. Ubora wa kitu hupimwa kwa kukilinganisha na vingine vya jinsi yake. Thamani yake hudhihirika kinapokosekana. Ndoo ya maji ni ile ile Diani na Mackinnon Road, lakini wakati wa kiangazi mama wa Mackinnon Road anajua tofauti iliyopo.

Kwa kipimo hicho, Olunga alistahili. Alifunga mabao 28, kumi zaidi ya aliyemfuata, na karibu nusu ya mabao yote ya Kashiwa. Akiondolewa Mitoma, Frontale inabaki na nyota 8. Akiondolewa Olunga, Kashiwa inabaki na nini? Jibu lilitolewa na msimu uliofuata. Januari 2021 alihamia Al-Duhail ya Katari, na Kashiwa ikamaliza ya 15. Kuporomoka kwa timu huwa na sababu nyingi, lakini pengo la mabao 28 haliwezi kuhesabiwa miongoni mwa sababu ndogo.

Wala Wajapani hawakuzua jambo geni. Katika besiboli ya Marekani, ambako mjadala huu ni wa miaka mingi, Andre Dawson alipewa tuzo kama hiyo mwaka 1987 ilhali timu yake, Chicago Cubs, ilishika mkia katika kundi lake.

Mackinnon Road yenyewe, mji mdogo wa Kaunti ya Kwale, ni shahidi kwamba cheo na thamani havitembei pamoja siku zote. Mji huo unaitwa kwa jina la Sir William Mackinnon, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Imperial British East Africa. Hata hivyo, wasafiri wa barabara ya Mombasa na Nairobi wanaosimama hapo hawamkumbuki yeye. Huingia msikitini, kando ya reli, kulizuru kaburi la Sayyid Baghali, ambaye alikuwa mfanyakazi wa reli. Bwana mkubwa aliachiwa kibao. Dua zikaenda kwa mfanyakazi.

Jambo hili linawahusu vijana wa hapa kuliko linavyoihusu Japani. Kijana anayecheza Samburu au Msambweni, katika timu isiyo na kombe hata moja, huenda ndiye anayeizuia isizame kabisa. Wateuzi wakizoea kutazama kilele cha jedwali tu, jina lake halitaandikwa popote. Olunga naye alipitia Thika United, klabu isiyokuwa miongoni mwa vigogo, huku akisomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Kiufundi cha Kenya. Kwa hiyo, kabla ya pete kutolewa, wateuzi na wajiulize kwanza: asingekuwepo huyu, timu yake ingekuwa wapi?