Timazi la mjomba

Bumu limechelewa, semina zimebana, lakini leo acha niseme la moyoni.

Likizo iliyopita nilikuwa mkalimani wa vijana wa kanisa moja kutoka Marekani. Walikuja Vingunguti siku kumi kujenga darasa la chekechea. Wazuri jamani, hawana makuu, ugali na dagaa wanapiga kama sisi. Ila tofali hawajui. Kila jioni wakishaondoka, mafundi wawili wanabomoa mistari ya juu na kuipanga upya kwa timazi. Kimya kimya, wageni wasijisikie vibaya. Mmoja wao ni mjomba wangu. Wenzake wa kijiweni walibaki kuangalia kazi yao ikifanywa bure.

Nikamuuliza, "Mjomba, mbona huwaambii?" Akacheka. "Si wewe ndiye mkalimani?"

Nikanyamaza. Kweli, Kiingereza chote kile nilikitumia kutafsiri asante.

Haya si ya Vingunguti tu. Kimbunga Mitch kilipopiga Honduras mwaka 1998, vikundi vya makanisa ya Amerika Kaskazini vilimiminika kujenga nyumba. Baadaye mtafiti Kurt Ver Beek akafuatilia. Nyumba moja iligharimu kama dola 2,000. Safari ya kikundi kimoja? Wastani wa dola 30,000! Na waliojengewa na wageni hawakuwa na tofauti na waliojengewa na watu wa kwao. Piga hesabu mwenyewe, hizo ni nyumba 15.

Sisemi wasije. Waje, ila wawe saidia fundi. Wabebe maji, wakoroge saruji, fundi alipwe na ndiye apange. Anayejua ndiye afundishe, hata akiwa na kandambili. Sisi wa ualimu si tunaimba hayo hayo kila siku darasani?

Na tusiwaseme wageni peke yao. Wenzetu wamepanda ndege kuja Vingunguti. Sisi tunaolala Mabibo, pa kwenda kwa daladala tu, tumekwenda mara ngapi? Mimi mwenyewe nilikwenda kwa sababu nililipwa. Mjomba alinyoosha ukuta usiku bila hata soda.

Wakirudi, nitatafsiri yote, hata la timazi. Najua kuna mtu atanuna. Bora anune kuliko ukuta uwaangukie watoto.

Kwa leo ni hayo, naenda kuwahi foleni ya msosi. Siku njema.