Aibu haitibu: Safari ya Ray C na somo kwa wazazi wa Upareni

Katikati ya miaka ya 2000, abiria wa basi la Dar es Salaam kwenda Arusha aliposhuka Same kunyoosha miguu alikuta mambo mawili: upepo wa mchana unaopeperusha vumbi la tambarare, na sauti nyororo ya Ray C ikitoka kwenye spika ya duka la kanda. Wasichana waliokuwa sekondari wakati huo, ambao leo ni akina mama wenye watoto, walizijua nyimbo zake mwanzo hadi mwisho.

Jina lake ni Rehema Chalamila. Alizaliwa Iringa mwaka 1982 na alianza kujulikana kama mtangazaji wa redio kabla ya kuingia studio kurekodi. Albamu yake ya kwanza, Mapenzi Yangu, ilitoka 2003, na mwaka uliofuata ikaja Na Wewe Milele. Aliimba R&B kwa Kiswahili laini, akaichanganya na zouk na mwendo wa pwani, na jukwaani alicheza kiasi cha mashabiki kumpa jina la Kiuno Bila Mfupa. Kwa miaka kadhaa hakuna msichana wa Bongo Fleva aliyetajwa bila yeye kutajwa.

Kisha akaanza kupotea. Nyimbo mpya zikawa chache, maonyesho yakapungua, na maneno ya pembeni yakaongezeka. Mashabiki walisema amechoka, wengine wakasema amelewa sifa. Ukweli ulikuwa mmoja, na yeye mwenyewe aliusema hadharani baadaye: alikuwa ameingia kwenye dawa za kulevya.

Mwaka mmoja, wanawake wawili

Mwaka 2012 unafaa kukumbukwa na kila anayependa muziki huu. Tarehe 11 Februari, Marekani ilimpoteza Whitney Houston, mmoja wa waimbaji wakubwa waliowahi kutokea katika R&B. Alikutwa amekufa ndani ya bafu la chumba cha hoteli huko Beverly Hills, akiwa na miaka 48. Uchunguzi ulionyesha kwamba alizama majini, na kwamba maradhi ya moyo na matumizi ya kokeini vilichangia. Alikuwa na fedha, madaktari na walinzi. Miaka mitatu baadaye binti yake wa pekee naye akafariki, akiwa na miaka 22.

Mwezi Desemba wa mwaka huohuo, magazeti ya Tanzania yalichapisha picha ya tofauti. Ray C alikuwa Ikulu, Dar es Salaam, amekwenda kumshukuru Rais Jakaya Kikwete, ambaye alikuwa amesaidia kugharamia matibabu yake. Alikuwa amenenepa kidogo na anatabasamu. Pembeni yake alisimama mama yake mzazi.

Watu wengi waliiangalia picha ile kwa sababu ya rais. Mzazi anayeitazama leo amwangalie mama. Mama yule hakujificha wala hakukaa nyumbani akisubiri mambo yapoe ndipo atoke. Alisimama mbele ya kamera, nchi nzima ikijua mwanawe ametoka wapi. Kwa mzazi wa Kitanzania, ambaye hujua kabisa majirani watasema nini, hilo si jambo dogo.

Kwa nini mtumiaji haachi tu

Swali la kwanza la wazazi wengi ni hilo: kwa nini asiache? Amelelewa vizuri, amesoma, anaona anavyoharibika, kwa nini asiache?

Jibu linaanzia mwilini. Heroini, ambayo mitaani huitwa unga, mwanzoni humpa mtumiaji raha. Baada ya muda mwili huizoea na kuitaka ili tu ujisikie kawaida. Akiikosa kwa saa kadhaa inamshika arosto: makamasi na machozi yanatoka, mifupa inauma, tumbo linavuruga, anatapika, anaharisha, anatetemeka na hapati usingizi. Kufikia hapo mtu hatafuti tena starehe. Anatafuta namna ya kusimama. Ndiyo maana simu ya baba inauzwa, gunia la tangawizi linapungua, na uongo unakuja kirahisi kwa mtoto ambaye zamani hakuwa mwongo.

Ndipo dawa ya methadoni inapoingia. Ni dawa ya maji ambayo mgonjwa huinywa kliniki kila siku mbele ya mhudumu. Inazuia arosto na kupunguza hamu ya unga, hivyo mtu anaweza kula, kulala, kufanya kazi na kuzungumza na familia yake kama mtu. Tanzania Bara ilianza huduma hiyo Muhimbili mwaka 2011, ikafuata Mwananyamala na Temeke, na kisha mikoa mingine. Ray C alikuwa miongoni mwa waliotumia dawa hiyo. Alipopata nafuu alianzisha taasisi kwa jina lake ili kuwasaidia wengine waliokuwa kwenye hali aliyotoka.

Mwaka 2016

Hadithi ingeishia hapo ingekuwa nzuri na rahisi. Haikuishia hapo.

Mwaka 2016 picha za Ray C zilisambaa tena kwenye simu za watu, safari hii akiwa katika hali mbaya, mikononi mwa polisi. Alipelekwa Bagamoyo, kwenye nyumba ya upataji nafuu, zile ambazo wengi huziita soba hausi. Mitandaoni maneno yakawa makali. Wapo waliosema fedha za umma zimepotea bure. Wapo waliosema teja ni teja tu, hata umwogeshe kwa maziwa.

Wanaotibu ugonjwa huu hawakushangaa kama umma ulivyoshangaa. Uraibu ni maradhi ya muda mrefu, na kurudi nyuma ni jambo linalotokea kwa wengi kabla ya kutulia. Mgonjwa wa kisukari ambaye sukari yake imepanda tena haambiwi kwamba daktari alipoteza muda. Anarudishwa kliniki. Ray C naye alirudishwa, na baada ya kipindi hicho alirudi tena studio na kutoa nyimbo. Yu hai, na mama yake hakumzika. Hiyo ndiyo tofauti ya picha ile ya Ikulu na habari ya Beverly Hills.

Wahenga walishasema kwamba mtoto akinyea kiganja, kiganja hakikatwi. Hawakusema atakinyea mara moja tu.

Mlimani nako kuna jambo

Mzazi wa Same anaweza kusoma yote haya na kusema ni mambo ya Dar es Salaam na ya watu maarufu. Unga ni wa mjini, huku kwetu kuna kanisa, msikiti, shule na shamba.

Lakini milima hii ina majani yake. Mirungi inalimwa katika baadhi ya vijiji vya Same, na Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya imepanda mlimani zaidi ya mara moja, ikiwamo kata ya Tae, kung'oa na kuteketeza mashamba. Ng'ambo ya mpaka, Kenya, mirungi ni zao halali la biashara. Tanzania ni dawa ya kulevya kwa mujibu wa sheria, na anayekutwa nayo anakwenda mahakamani. Mirungi na unga haviko sawa kwa ukali wala kwa namna vinavyoua, na si haki kumwambia kijana kwamba kutafuna ni sawa na kujidunga. Kijana akigundua amedanganywa kwenye moja, hataamini la pili. Kinachofanana ni kinachotokea nyumbani: mtoto anakesha, hali chakula, analala mchana, ana hasira, na familia nzima inakubaliana kimyakimya kutosema kitu.

Zaidi ya hapo, watoto wa Upareni hawakai mlimani. Wanashuka kwenda Same mjini, Moshi, Arusha, Mererani, Tanga na Dar es Salaam. Wanakwenda kusoma, kuendesha bodaboda, kufanya kazi migodini na dukani. Mabasi yanayowapeleka ndiyo yanayowarudisha, na wengine wanarudi wakiwa wamebadilika.

Dawa ya kienyeji inayoweza kuua

Familia nyingi zina njia moja ya kutibu kijana wa mjini aliyeharibika: apandishwe mlimani kwa bibi. Kule Vudee au Chome hakuna vijiwe vya unga, hewa ni safi, kuna shamba la kulima na ibada ya kuhudhuria. Kijana anateseka na arosto wiki ya kwanza huku bibi akimpa uji. Wiki ya pili anaanza kula. Baada ya miezi miwili amenawiri, anabeba magunia, anaitikia shikamoo ya wadogo zake kwa furaha. Familia inashukuru Mungu, inamtafutia nauli na kumrudisha mjini kuendelea na maisha.

Hapo ndipo penye hatari ambayo wazazi wengi hawaijui. Mwili uliokaa bila heroini hupoteza ule uzoefu wake wa kuistahimili. Kijana akirudi mtaani, akakutana na rafiki wa zamani na kutumia kiasi kilekile alichokuwa akitumia zamani, kiasi hicho sasa ni kikubwa mno kwake. Heroini hupunguza kasi ya kupumua, na pumzi inaweza kusimama akiwa usingizini. Siku za hatari kubwa kwa mtumiaji ni zile za mara tu baada ya kutoka mahali alipokaa bila dawa, iwe gerezani, soba hausi au kwa bibi.

Hii haina maana kwamba bibi amekosea. Uji wake na maneno yake ni sehemu ya tiba. Kinachokosekana ni sehemu nyingine: daktari kabla ya kupanda mlimani, na mpango kabla ya kushuka. Kijana atashukia kwa nani? Atakunywa methadoni wapi? Nani atampigia simu jioni, si kumkagua, bali kumsikia?

Kwa familia ya Same, si lazima safari iwe ya Dar es Salaam. Huduma ya methadoni ipo pia Tanga, katika Hospitali ya Rufaa ya Mkoa ya Bombo. Mahali pa kuanzia ni hospitali ya wilaya, kwa daktari au ofisa ustawi wa jamii, na kusema neno lenyewe bila kuzunguka. Mamlaka ya dawa za kulevya pia ina namba 119, ambayo mwananchi anapiga bure.

Mambo ambayo nyumba inaweza kufanya

Pesa taslimu mkononi mwa mtumiaji ni mtihani usio wa lazima. Nauli ilipwe kwenye gari, ada ilipwe shuleni, dawa inunuliwe na mzazi. Kumfungia ndani, kumfunga kamba au kumchapa hakuondoi arosto, kunamfundisha kutoroka tu. Kumficha kwa kusema ana malaria isiyoisha au amerogwa kunapoteza miezi ambayo ingetosha kumtibu. Na ndugu wote wakubaliane lugha moja, maana baba akifukuza na shangazi akituma hela kwa siri kila wiki, nyumba nzima inamlipia muuzaji.

Neno teja pia liachwe mlangoni. Mtu akiitwa teja na mama yake, hana sababu ya kulikataa mtaani.

Jambo gumu kuliko yote ni kumsikiliza mtoto siku atakapokiri kwamba ameanguka tena. Siku hiyo mzazi ana haki ya kulia na kukasirika. Ana haki pia ya kusema kwamba vitu vya ndani vitafungiwa na wadogo zake watalindwa. Lakini baada ya kulia, swali linalofaa ni moja: kesho tunaondoka saa ngapi kwenda kliniki?

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamfichua, na katika vijiji vingi kilio hicho kimeshasikika, watu wakazika na kuambiana kwamba marehemu aliugua ghafla. Mama wa Ray C alikubali kufichuka mapema, mwanawe akiwa bado anapumua. Mwaka 2016 mwanawe alipoanguka tena, hapakuwa na siri ya kulinda kwanza. Palikuwa na mgonjwa wa kurudishwa matibabuni.