Shairi Linapokinaisha

Lipo neno ambalo wahakiki wetu wameliacha jikoni, nalo ni kukinaisha. Husemwa juu ya halua iliyozidi sukari au pilau iliyojaa mafuta: tonge la kwanza tamu, la tatu lavumilika, la tano koo lalikataa. Mlaji hakushiba, amekinai. Nadai kwamba neno hili ndilo tunalolihitaji tunapohukumu mashairi ya mapenzi na maombolezo yanayomwaga hisia kuliko kisa chake kinavyoweza kubeba.

Tumezoea kusema kuwa shairi la namna hiyo ni "tamu mno". Kauli hiyo haimsaidii mtunzi, kwani utamu si kosa. Kosa ni kumlazimisha msomaji alie kabla hajaonyeshwa kinacholiliwa.

Arudhi yetu yenyewe huweka mtego. Laazizi ni mizani nne, mahabuba ni mizani nne. Yaweke pamoja, kipande cha mizani nane kimejaa na hakuna lililosemwa. Na atakayechagua kina cha -nzi atalakiwa mlangoni na mapenzi, majonzi, simanzi na kipenzi, yote yakiwa tayari kuingia bila kuitwa. Beti tano hukamilika hivyo, vina vimetimia, mizani imetimia, na mpenzi anayeimbwa hana uso wala jina.

Tuwatazame waliotutangulia. Mwana Kupona alitunga utendi wake mwaka 1858 akiwa mgonjwa, akimwusia binti yake. Angeweza kujaza beti kwa kilio cha mama anayeaga. Badala yake anamwita mtoto aje na wino na karatasi, kisha anamfundisha. Huzuni i katika kazi ile ya kuandika. Vivyo hivyo katika Al-Inkishafi, Sayyid Abdalla hatuambii tu kwamba Pate imeanguka. Anatuingiza katika majumba, anatuonyesha vidaka vilivyopambwa sasa vikiwa viota vya ndege. Msomaji hujililia mwenyewe.

Najua nitapingwa kwamba kukinai ni sifa njema. Ni kweli. Neno lina asili ya Kiarabu, na shina lake lahusu kuridhika na ulicho nacho. Ndiyo maana wazee huusia kinaa na kuonya dhidi ya tamaa. Lakini maana hizi mbili hazigombani. Zote zahusu mpaka. Mwenye kinaa anaujua mpaka akasimama. Chenye kukinaisha kimeuvuka. Kwa hiyo neno hili linatupa hukumu na dawa kwa pamoja: mtunzi asiye na kinaa ndiye anayemkinaisha msomaji.

Wala siombi mashairi makavu. Pwani yetu haijawahi kuona haya kupenda wala kulia, na taarabu ingekufa bila mahaba. Ninachoomba ni kwamba tunaposomeana tungo, tuwe na ujasiri wa kusema, "Ndugu yangu, ubeti huu unakinaisha," na mwenzetu aelewe kuwa hatukuudharau moyo wake. Waliozoea kuandaa halua wanajua kwa nini huletwa pamoja na kahawa chungu. Bila kikombe kile, sahani hurudi jikoni na halua nusu.